Mikono Iliyoinuka Kando ya Laga

Langoni mwa shule, Mwalimu Sharifo aliwakumbusha wanafunzi wake kanuni ya matembezi: wakishaingia bustanini kando ya laga, ule mto wa msimu, asiseme mtu neno, ndege wasije wakatoroka, mwenye swali ainue mkono na kungoja ruhusa. Bilan, mama yake Idman, aliyasikiliza hayo yote akiwa bado ameushika mkono wa bintiye.

"Mwalimu, laga imejaa. Na yule kiboko aliyemjeruhi punda wa watu?"

"Ameshafukuzwa, dada. Wanasema amerudi Mto Tana."

"Wanasema." Bilan aliuachia mkono polepole. "Nimekupa mzima, nirudishie mzima."

"Inshallah."

Neno hilo la Bilan lilimkaa Sharifo kifuani hata walipofika bustanini. Alitangulia, lakini aligeuka nyuma kila mara. Safu ilikuwa imenyooka, Idman akiwa wa mwisho. Kushoto kwao maji ya laga yalipita yakiwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Kulia, vichaka vya mathenge vilisongamana hadi ukingoni mwa njia. Palikuwa kimya, kama alivyoagiza mwenyewe, na kimya hicho hakikumpendeza.

Ndege mmoja, kulastara, alikuwa amesimama majini. Sharifo alipogeuka ili awaonyeshe, Idman alikuwa ameinua mkono. Mwalimu alimwashiria asubiri.

Mkono haukushuka. Jaldesa, aliyekuwa mbele ya Idman, naye akainua wake, kisha aliyemtangulia Jaldesa. Mikono iliendelea kuinuka kuelekea mbele, bila hata kikohozi, na macho yote yalitazama kulia.

Ndani ya mathenge, kitu ambacho Sharifo alidhani ni kichuguu kilitikisa sikio.

Kiboko alikuwa akirudi majini, nao walikuwa wamemzibia njia. Sharifo alitaka kupiga ukelele wa kuwakimbiza, akaumeza. Aliwaashiria wasonge mbele, taratibu, naye akapita kando ya safu kurudi nyuma hadi akaukamata mkono wa Idman. Walikuwa wameanza tu kuondoka pale vichaka vilipopasuka. Ardhi ilitetemeka, maji yakaruka, na matone yakawaangukia mgongoni.

Walipofika barabarani, Sharifo alimshika Idman mabegani.

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Hukunipa ruhusa, Mwalimu."

"Wallahi," alisema Jaldesa, "leo tungekufa kwa nidhamu!"

Wenzake waliangua kicheko. Sharifo hakuweza kucheka.

Waliporudi shuleni, Bilan alikuwa bado langoni. Alimpapasa bintiye kichwani, kisha mabegani, ambako nguo ilikuwa imelowa.

"Haya, mmeona nini huko?"

Idman alimtazama mwalimu wake, akainua mkono.

Sharifo alijua kwamba jibu hilo likishatoka, huenda hakuna mzazi ambaye angemkabidhi tena mtoto kwa matembezi. Akaushika ule mkono mdogo, akaushusha.

"Mwambie mama," alisema. "Yote. Na useme kwa sauti."