Kikombe Kimoja

Mama mkwe alinipokonya kikombe cha kahawa mbele ya madereva wa malori kwenye kibanda chetu cha Malaba, akamwaga yote chini.

"Mimba ya miezi saba, Akwii! Unataka kuua mjukuu wangu?"

Nikamwambia kwamba nesi wa kliniki alisema kikombe kimoja kwa siku hakina shida. Akasema nesi ni mtoto mdogo, hajui kitu.

Ndipo akanisukumia mtungi wa lita ishirini. "Kimbia uchote maji, wateja wanangoja."

Nikaketi kwenye kiti chake, nikamimina kahawa nyingine.

"Mama, cha kwanza kimenywewa na vumbi. Hiki ndicho changu. Na mjukuu wako leo habebi maji."