Simu Zilizolia Pamoja

Mimi nina mdomo, najijua. Ofisini Dar walikuwa wananikwepa nikianza habari za lugha za kompyuta, maana simalizi. Java, kwa mfano. Kuandika programu kwa Java ni kama kuomba likizo serikalini: unagongesha muhuri kwa huyu, unasainiwa na yule, jua linazama na bado hujasema unataka kwenda wapi. PHP kila mtu anaiponda mbele za watu, halafu ukichungulia kazi zake zote kazifanyia humo humo. Mimi ni wa Python. Fupi, safi, inasomeka, na mwenye wivu ajinyonge.

Kwa hiyo bosi wangu, Obedi, aliponikabidhi programu iliyoachwa na Khatibu, aliyehamia kampuni ya simu, nilicheka mpaka machozi. PHP tupu. Ilituma meseji moja, ikakaa dakika kadhaa, ikatuma nyingine, ikakaa tena. Nikamuuliza Obedi, "Hii inatuma meseji au inachambua maharage?" Nikaifuta yote na kuiandika upya. Yangu ilituma meseji zote kwa mkupuo, ukipepesa jicho zimeshafika. Obedi alinisifu mbele ya wafadhili, nami nikavimba kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Tulitaka kujua kama watu wenye virusi vya ukimwi wakikumbushwa kwa simu watafika kliniki kuchukua dawa bila kukosa. Tulichagua Kibondo, mwaka 2014, na wagonjwa wakatoa namba zao kliniki kwa hiari na kusaini. Kamati ya maadili ilikaa miezi ikibishania maneno ya ile meseji. Isitajwe dawa, isitajwe hospitali, usitajwe ugonjwa. Mwisho wakakubaliana: "Habari ndugu. Kumbuka ahadi yako ya wiki hii." Na saa nayo ikajadiliwa. Jumanne, saa nne asubuhi, mtu akiwa shambani peke yake na simu mfukoni, hakuna wa kumchungulia.

Aliyetoa wazo hilo la mfukoni alikuwa profesa mwenye umeme mpaka chooni kwake. Huyo namsamehe. Ila mimi nimezaliwa Kasulu, jirani tu na Kibondo! Baba yangu ana duka pale mjini, anauza chaja na betri kwa watu wa vijijini tangu simu zilipoingia. Nilikuwepo kwenye kikao hicho na nilitikisa kichwa kukubali.

Jumanne ya kwanza nikasafiri kwenda kijiji cha Kitahana kushuhudia kazi yangu. Gari la mradi lilinichukua Kibondo mjini, Land Cruiser nyeupe yenye utepe mwekundu wa ukimwi, mkubwa, uliochorwa mlangoni, ile ile inayopeleka dawa kliniki kila mwezi. Watoto waliikimbilia nyuma wakipiga kelele, "Gari la dawa! Gari la dawa!" Mimi nikawapungia mkono kama mbunge. Dereva, Stanislaus, akacheka.

Ilikuwa siku ya gulio. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekwisha, nikauliza pa kuchaji, nikaelekezwa kwa Shamsi. Shamsi ni mtu wa Ujiji, mpole, ana kibanda chenye jenereta nyuma na ubao mrefu ukutani. Na pale ubaoni, jamani, zilining'inia simu. Simu za Kitahana nzima, kila moja na waya wake na kipande cha plasta kilichoandikwa jina la mwenyewe. Watu wanakuja gulioni asubuhi, wanaacha simu kwa Shamsi, wanauza ndizi zao, wanarudi kuchukua simu imejaa.

"Siku ya gulio napata zote," Shamsi aliniambia kwa furaha. "Mpaka Jumanne ijayo hawana pengine."

Nilimsikia. Nilikaa pale kwenye benchi na soda yangu, kompyuta inakunywa moto, watu wamejaa wanasubiri simu zao, na haikunigonga kichwani. Kichwa chote kilikuwa kwenye saa. Nilitaka kuona kama zitaondoka kwa mkupuo.

Ziliondoka. Saa nne ilipogonga, simu nane au tisa pale ubaoni zililia pamoja. Moja ilipiga filimbi, nyingine ikaimba, nyingine zikatetemeka kwenye mbao mpaka ubao wenyewe ukanguruma. Zikanyamaza pamoja. Zile nyingine zote zilikaa kimya, na kibanda chote kikageuka kutazama.

"He! Zimeambizana?" Shamsi akasema.

Akainuka mzee mmoja mchangamfu, Pasikali. Yeye hali yake anaitangaza mwenyewe, anasimama kliniki na kanisani anawahimiza watu wapime. Akaichomoa simu yake, akaisoma kwa sauti, akacheka. "Kumbuka ahadi yako ya wiki hii. Aa, hii ni ile yetu ya kliniki, tuliambiwa itakuja leo." Akautazama ubao. "Kumbe wenzangu wa dawa tuko wengi..."

Hakumaliza. Nilimwona alivyoyasikia maneno yake mwenyewe, kicheko kikamfia mdomoni, akaketi na kuanza kuifuta ile simu kwa shati kana kwamba ina vumbi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Watu walikuwa wanasoma majina kwenye plasta. Walisoma mmoja mmoja, midomo inacheza.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke kijana mwenye kikapu kitupu. Shamsi, kwa wema wake, akamwita. "Ernesta, njoo uchukue, na yako imelia."

"Si yangu hiyo," akasema.

"Si yako vipi? Umeniletea mwenyewe asubuhi, hii yenye kava la waridi."

"Nimesema si yangu."

Akageuka akaondoka. Mama mmoja kando yangu akamnong'oneza mwenzake kwa Kiha. Kiha changu ni cha kununulia maharage, lakini nilielewa "Ernesta" na nilielewa jinsi mwenzake alivyojishika mdomo. Nilitamani benchi linimeze. Meseji yangu haikusema chochote, kweli kabisa, kamati ingetembea kifua mbele. Ila kwa mkupuo wangu simu zenyewe zikajitaja. Uzembe wa Khatibu, ile PHP niliyoicheka, ungeliza simu moja sasa na nyingine baadaye, na nani angejua?

Nikatoka nje kumpigia Obedi. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. "Safina, umeua! Zote zimefika, hakuna hata moja iliyokwama! Wafadhili watalala usingizi."

Nikamweleza. Akasema, "Hiyo tuiweke kwenye ripoti kama changamoto."

Changamoto! Kwenye kazi zetu mtu akifa njaa ni changamoto. Nikamwambia aizime programu saa hiyo hiyo, isitoke meseji nyingine, na nikamkatia simu. Hasira ilikuwa kwa Obedi, kwa profesa, hata kwa Shamsi wa watu, na chini ya hasira ilikuwa aibu tu, aibu ya kunitoa jasho.

Nikarudi ndani. Watu walikuwa wamepungua. Nikamuuliza Shamsi yule Ernesta ni nani.

"Mtoto wa watu, ameolewa hapa, kwao Munanila," akasema. Sasa na yeye alikuwa ameshaelewa, hakunitazama usoni. "Mumewe yuko machimboni Kahama. Anaishi na mama mkwe, bibi Maximilla, yule mama mkali sana. Mkamwana wa jirani yao alipojulikana mwaka jana alifungiwa virago akarudishwa kwao, na watoto wakabaki. Dada Safina, mimi sikujua. Wallahi ningejua nisingemwita."

"Nipe hiyo simu nimpelekee," nikasema. "Na nimwombe radhi."

"Sawa, kwao ni njia ya kanisani, nyumba ya bati jipya."

Nikapanda gari la mradi. Nilitaka kufika haraka, ndiyo maelezo yangu yote. Nilitaka kufika kabla maneno hayajafika. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia: kwamba ni mimi niliyeandika programu, kwamba nimeshaizima, kwamba kama kuna wa kulaumiwa asiangalie kwingine. Niliyapanga vizuri, moja nyuma ya lingine. Tulipokaribia Stanislaus akapunguza mwendo, akauliza, "Nikuache hapa barabarani au niingie?"

"Ingia mpaka mlangoni," nikamwambia. "Tumechelewa."

Akaingia mpaka mlangoni.

Ernesta alikuwa ameketi kwenye mkeka na mkwewe, ungo wa maharage katikati yao, na kikombe kimoja cha uji ambacho bibi alikuwa ndiyo kwanza anamkabidhi. Watoto wawili, bila shaka wa Ernesta, wakaruka kutoka nyuma ya nyumba. "Gari la dawa! Bibi, gari la dawa limekuja kwetu!"

Nikaganda na mguu mmoja nje. Mlango niliokuwa nimeufungua, ule wenye utepe mwekundu, ulikuwa umewageukia wao waziwazi. Majirani wa upande wa pili walishasimama uani. Astaghfirullah, nilijisemea, Safina, umefanya nini tena?

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Bibi Maximilla alikuwa anautazama mlango. "Mnamtafuta nani hapa?"

Nilimtazama Ernesta. Yeye aliyatazama maharage. Nikasema, "Tumepotea njia, mama."

"Mmepotea," akasema bibi. Macho yake yakashuka mpaka mkononi mwangu. "Na simu ya mkamwana wangu umeipata wapi?"

Kava la waridi. Sikuwa hata nimeificha. Nikatafuta uongo mwingine na sikuupata, mimi ninayeweza kuongea kuhusu Java kuanzia asubuhi mpaka jioni. Aliyeongea ni Ernesta.

"Niliidondosha gulioni, mama. Dada ameniokotea." Akainuka, akaja, akaichukua. Hakunipora, aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu mwenye adabu. "Asante, dada. Umejisumbua kuja mpaka huku."

"Asante, mwanangu," bibi naye akasema.

Nilidhani limepita. Nilipumua kabisa. Halafu bibi Maximilla akainama pale mkekani, taratibu, kwa sababu ya mgongo. Akakichukua kile kikombe cha uji. Akaumwaga uji wote, bado unafuka moshi, kwenye mgomba, akakisuuza kikombe kwa maji, akamwaga, akakisuuza tena. Akaita wale watoto kwa majina yao, akawashika mkono huku na huku, akaingia nao ndani na kikombe chake. Mlango ukafungwa.

Ernesta aliyaona yote. Alibaki amesimama mbele yangu, simu mkononi.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "naona usoni umekuja kuniomba radhi, siyo?"

"Ndiyo."

"Haya, omba."

Maneno yangu yote yalikuwepo, yale niliyoyapanga njiani. Programu, mkupuo, kliniki. Hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitamka pale bila kusikika nyuma ya ule mlango na kwa wale majirani. Alilijua hilo kabla yangu. Alisubiri hata hivyo, akinitazama, mpaka nikayashusha macho mimi.

"Nimeleta simu tu," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi mkekani, akaketi peke yake kwenye ungo wa maharage.