Kizunguzungu Ambacho Hakikuandikwa

Wifi alianguka jikoni Jumatatu asubuhi, na sufuria ya maji ya moto ikamkosa kidogo tu. Bahati nzuri Msusi alikuwa amepita kumjulia hali kabla ya kwenda saluni. Alimwinua mke huyo wa kaka yake, akamwegemeza ukutani.

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya tatu. Tangu nianze vile vidonge vya presha vya utafiti."

"Kliniki wanajua?"

Wifi alimng'ang'ania mkono. "Wifi yangu, nakuomba. Wakijua watanitoa. Mama yangu kafa kwa presha akiwa kwenye foleni. Mimi napimwa kila wiki, daktari ananijua kwa jina. Usinizibie mlango huu."

Msusi aliahidi, tena upesi, kisha akaenda kazini. Yeye alikuwa mmoja wa watu kumi wa kamati ya mtaa iliyowashauri watafiti, na kikao kilikuwa Alhamisi.

Jumatano, mteja aliyekuwa akisukwa alicheka peke yake. "Hivi vidonge vya kliniki! Nikivimeza tu, nyumba inazunguka kama pia. Lakini nikiulizwa, mimi mzima kama chuma!" Vidole vya Msusi vilisimama katikati ya nywele. Kumbe wifi hakuwa peke yake.

Alhamisi, katika ukumbi wa kliniki, daktari wa utafiti aliwaonyesha jedwali lake. Wagonjwa mia na ishirini, malalamiko sifuri. "Kuanzia Jumatatu tumepanga kuongeza dozi," alisema. "Tunataka kusikia mtaa utasemaje."

Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani waliyemwita Futi, maana hakuna neno alilolitoa bila kulipima. "Anayeafiki, mkono juu."

Mikono tisa ilipanda.

"Msusi, wako umelala?"

Watu wakacheka. Msusi hakucheka.

"Daktari, wanakuficha."

"Nani?"

"Wagonjwa. Wanaanguka majumbani, halafu wanakuja hapa kusema ni wazima."

Kicheko kikakatika. Daktari aliweka kalamu chini. "Nipe majina."

"Sitoi."

"Mama, mtu anaweza kufa!"

"Ndiyo maana nimesema!" Msusi alisimama. "Nikitaja mmoja leo, kesho hakuna atakayefungua mdomo, si kwangu wala kwako. Unajua kwa nini wanaficha? Fomu yenu inasema atakayepata madhara 'ataondolewa'. Na sisi hapa tuliisoma, tukaipitisha. Mtaa umeelewa kwamba ukisema unaumwa, unafukuzwa."

"Lakini maana yake ni kuondolewa kwenye vidonge," daktari alisema taratibu. "Kliniki tunaendelea kumtibu."

"Basi mbona hamkuandika hivyo?"

Daktari alitazama jedwali lake kama mtu aliyeonyeshwa ufa kwenye nyumba mpya. "Nikiahirisha Jumatatu, ratiba yote inavurugika."

"Ratiba haina mtoto wala mume," alisema Futi, na safari hii hakupima. Akashusha mkono wake. Mmoja mmoja, wengine nao wakashusha.

Wakakubaliana dozi isiongezwe kwanza. Wauguzi waende nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa wote, wawaeleze kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu, ndipo waulize upya.

Kufikia Jumapili, watu kumi na tisa walikuwa wamekiri kizunguzungu. Wifi alikuwa mmojawapo. Presha yake ilikuwa ikishuka ghafla kila aliposimama. Walimwachisha vile vidonge, wakampa dawa nyingine, na siku yake ya kliniki ikabaki ile ile.

Lakini alimnunia Msusi wiki tatu nzima. Salamu zikawa zinapitia kwa kaka.

Mwishowe Msusi alijipeleka mwenyewe. Wifi alifungua mlango, akamtazama, akaingia ndani bila kusema karibu. Hata hivyo aliuacha wazi.

"Sikukutaja," Msusi alisema akiwa bado kizingitini.

"Uliniahidi utanyamaza."

"Nilikuahidi. Na nilivunja."

Wifi alikunja nguo mbili tatu kwa hasira, kana kwamba ndizo zilizomkosea. "Bado nina kinyongo na wewe, ujue."

"Najua."

"Ila jana nimepanda ngazi za sokoni zote, sikushika ukuta hata mara moja." Alimsogezea kiti kwa mguu. "Kaa basi. Unanizibia mwanga."