Jiko Haliko Kinshasa

Bertin alikuwa na mdomo. Komine nzima ya Kikula ilimjua kwa mdomo huo, maana ndiye aliyeongoza sherehe za harusi, mikrofoni mkononi, na watu walimlipa ili aseme. Alipotangaza kwamba anagombea kiti katika bunge la jimbo, hakuna aliyeshangaa. Mama mkwe wake tu, Mama Albertine, aliguna kidogo, akaendelea kutwanga majani yake ya sombe.

Kuguna huko kulimtia Bertin homa. Avenyu yao ilimsikiliza Mama Albertine kuliko redio. Akikunja uso, kura zimekwenda. Na kwenda kumbembeleza hawezi! Kwa desturi ya kwao, mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso mpaka mama huyo ampikie chakula cha kumfungulia mazungumzo. Wenzake walifunguliwa mapema baada ya harusi. Bertin, miaka inapita, hajaonja hata tonge. Kila neno kati yao lilipitia kwa mke wake, Tina, hata wakiwa ua mmoja, mmoja hapa na mwingine pale.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa lake. Siku ya harusi yake mwenyewe alikataa kumwachia mtu mwingine mikrofoni, na utamu ulipomkolea akatangaza mbele ya wageni: "Mama mkwe wangu hatapika tena mvuani! Kabla ya Noeli ninamjengea jiko la matofali!" Vigelegele, sijui nini. Noeli hiyo ikapita, na nyingine nyingi zikaifuata, na Mama Albertine bado anasonga bukari chini ya bati lililotoboka, mpini wa mwavuli ukiwa umebanwa kwapani.

Basi, siku ya mkutano wa kampeni ikafika. Uwanja wa karibu na soko ulijaa fulana zenye sura ya Bertin, ngoma zikalia, na Bertin akapanda jukwaani na Tina kando yake.

"Mkinichagua," akanguruma, "pasipoti itashuka bei! Wanajeshi nitawapanga mimi! Faranga yetu itapata nguvu!"

Watu wakashangilia. Hapo ndipo Mama Albertine aliposimama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, mstari wa mbele, akavuta kitenge chake vizuri.

"Tina," akasema, "uliza bwana yako. Pasipoti, jeshi na faranga, ile yote iko mukononi ya mubunge wa jimbo? Miye sijue, njo maana naulizia."

Tina, maskini, hakuwa na pa kukimbilia. Akashika mikrofoni. "Mama anauliza kama pasipoti, jeshi na faranga viko mkononi mwako."

Uwanja ukacheka. Bertin hakucheka. Wagombea walikuwa wamefundishwa mambo hayo vizuri, na jibu alilijua tangu mwanzo. Umati angeudanganya bila kupepesa jicho, ndiyo kazi ya mdomo. Lakini kumdanganya mama mkwe, tena anayekutazama? Hapana.

"Mwambie mama," akasema kwa sauti ndogo, "hayo ni ya Kinshasa. Serikali ya taifa na bunge la taifa."

"Na mufereji ya avenyu yetu inajaa kila mvua?"

"Mwambie mama, huo ni wa mji na ofisi ya komine."

"Ehee. Sasa yeye, kazi yake ni nini?"

Mashabiki wa wagombea wengine walikuwa wakipigana makofi ya mgongoni. Jimmy, rafiki yake aliyesimamia kampeni, alifunika uso kwa fulana. Bertin akaona kiti cha ubunge kinaondoka hivihivi, akasema potelea mbali, akasema yote.

"Mwambie mama, kazi yetu ni kutunga sheria za jimbo na kupitisha bajeti yake. Tunamwita gavana na mawaziri wake, tunawauliza pesa ya barabara za jimbo imekwenda wapi. Na gavana mwenyewe, ninyi hamumpigii kura. Mnatuchagua sisi, sisi ndio tunamchagua yeye. Koleo sishiki, sanduku la pesa sishiki. Nashika kura yenu na maswali."

Mama Albertine akaitikia kwa kichwa polepole. Tina akashusha pumzi, akidhani yameisha.

"Uliza tena," mama akasema. "Na jiko? Jiko yangu iko mukononi ya nani?"

Loo! Uwanja ulilipuka, kwa maana nusu yao walikuwepo kwenye ile harusi. Bertin alitazama viatu vyake.

"Mwambie mama jiko haliko Kinshasa. Haliko kwa gavana wala komine. Jiko ni langu."

"Umejizika," Jimmy alimwambia wakishuka jukwaani.

Labda alijizika, lakini kesho yake Bertin alivua shati akaanza kupanga matofali uani kwa mama mkwe. Kampeni iliyobaki aliifanyia hapo hapo, tope hadi magotini. Watu walikuja kumcheka. Wakisha kucheka wanampokeza tofali. Wakisha kumpokeza wanauliza, na gavana akila pesa mnaweza kumtoa? Na Bertin anajibu anachojua, na asichojua anasema sijui, neno ambalo halijawahi kutoka kwenye kile kinywa.

Matokeo yalipotangazwa, alikuwa wa mwisho kati ya waliopita. Wa mwisho, lakini amepita! Ua ukajaa watu, Jimmy akicheza kama hajawahi kumzika mtu.

Mama Albertine akatoka kwenye jiko jipya na sahani iliyofunikwa. Bukari, kuku, harufu mpaka barabarani. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Tina akafuta mikono haraka, akaja kusimama kati ya mama na mume, tayari kupokea neno.

"Tina," mama akasema, "toka katikati."

Tina akatoka. Mama Albertine akaweka sahani mbele ya mkwe wake.

"Bertin," akasema. Jina hilo lilikuwa halijapita mdomoni mwake mbele ya mwenyewe. "Kula. Jiko haivuje. Ukimaliza, uniambie weye mwenyewe: ile gavana mutachagua, utamuuliza nini?"

Bertin, yule mtu wa mdomo, safari hii akaufungua ili ale. Akakata tonge, akalitia kinywani, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na ua mzima ukamsubiri ameze.