Jiwe la Tatu la Mwalimu Nikodemo

Mwalimu Nikodemo alirudi milimani kutoka chuo cha ualimu akiwa na viatu vyeusi vya kamba, kipimapembe cha mbao kikubwa kama ungo, na uhakika. Viatu vilimalizwa na tope la masika ya kwanza. Kipimapembe alikitundika ukutani, juu ya kitanda. Uhakika ndio uliozidi kunenepa, kiasi kwamba hata mchungaji akianza kusema jambo mbele yake alijikuta akilimaliza kwa sauti ya chini.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, na Nikodemo alikuwa akifundisha shule ya kati, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Vuga. Katika masomo yote alilipenda moja: habari za kitu kilichorushwa. Aliweka kokoto mbili ukingoni mwa meza, moja akaisukuma kwa nguvu iende mbali, nyingine akaiachia idondoke papo hapo. Darasa zima lilisikia mlio mmoja. Zilikuwa zimegusa sakafu pamoja.

"Mmeona?" aliuliza, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anaona raha kuliko wote. "Jiwe lililorushwa lina safari mbili kwa wakati mmoja. Moja ya kwenda mbele, nyingine ya kuanguka, na safari hizi haziulizani habari. Ukitaka jiwe lifike mbali kabisa, lirushe kwa digrii arobaini na tano. Ukizidisha, linapoteza nguvu kwa kupanda. Ukipunguza, linaanguka kabla halijafika popote."

Maneno hayo alikuwa ameyanakili chuoni, na chuo chenyewe kilikuwa huko chini kwenye nchi tambarare, ambako mtu anaweza kutembea asubuhi nzima bila kuinua goti. Jambo hilo Nikodemo hakulitia maanani.

Shangazi yake Rahabu alikuwa mjane mwenye miaka hamsini na ushei, na riziki yake yote ilitoka kwenye shamba moja lililoning'inia ubavuni mwa kilima, kutoka njia ya juu mpaka karibu na kijito. Juu mahindi, chini, penye udongo mweusi, kabichi na viazi vya kiangazi. Nyani walipanda kutokea bondeni, naye aliwafukuza kutoka kibanda cha ulinzi, juu kabisa, kwa kombeo la kamba ya katani.

Ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na desturi ambayo watu wa vilima vya jirani waliicheka. Shamba la namna ile lilikuwa la mwenye kulilinda, na ulinzi ulipimwa kwa jiwe. Mahali jiwe lilipoishia, likirushwa kutoka kibandani, ndipo na shamba lilipoishia. Kipande kilichobaki kilichukuliwa na jirani wa chini. Rahabu hakuwahi kuwa na wasiwasi kwa hilo. Miaka ishirini na miwili jiwe lake lilivuka ua wa chini na kuwatia nyani adabu.

Lakini mwaka ule, wakati wa kipupwe, aliteleza na mzigo wa kuni, bega la kulia likatoka mahali pake. Lilirudishwa, ila nguvu ya kurusha haikurudi nalo. Shemeji yake Sefania, ambaye ndiye jirani wa chini, alimpelekea ndizi za pole, akangoja mwezi mzima kwa heshima, kisha akaenda kwa Mzee Tobia, mkuu wa ukoo, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba desturi ni desturi.

Mzee Tobia hakupenda, lakini hakuwa na namna. Aliamua kwamba Rahabu arushiwe na mtu wa damu yake, mawe matatu, Jumamosi asubuhi. Likivuka ua hata moja, Sefania anyamaze. Yasipovuka, kipande cheusi kiende zake.

"Shangazi, usihangaike," Nikodemo alimwambia. "Hili jambo lina sheria yake, nami ninaijua."

Wiki nzima alifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira wa shule, mahali pekee pa tambarare katika eneo lile, na hata huo ulichimbwa kwa majembe miaka mitatu. Alichomeka ufito ardhini, akaulaza kwa kipimapembe mpaka ukafika digrii arobaini na tano kamili, kisha akarusha mawe kwa kombeo akiufuata. Hatua themanini, kila siku. Akijaribu juu zaidi, pungufu. Chini zaidi, pungufu. Sheria ilikuwa inamtii yeye na yeye anaitii sheria.

Rahabu alikuja kumtazama siku moja, mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni. "Unarusha vizuri, mwanangu. Ila hapa ni pasawa. Kwangu si pasawa."

"Jiwe halijui lipo wapi, Shangazi."

"Haya," alisema Rahabu, akaenda zake kupika.

Jumamosi watu walijaa kibandani tangu umande haujakauka. Kutoka pale mpaka ua wa chini ilikuwa hatua mia moja hamsini na tano za mtu mzima anayejizuia asiporomoke. Nikodemo aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akachomeka ufito wake, akaupima kwa kipimapembe na timazi, uzi wenye kokoto nchani, digrii arobaini na tano kutoka usawa wa upeo wa macho. Akazungusha kombeo, akaachia.

Jiwe lilipanda. Lilipanda mpaka wengine wakalipoteza. Kisha likashuka kwa heshima zote na kutua kwenye kisiki cha mgomba, hatua sita kabla ya ua.

Sefania alikohoa.

Nikodemo alihisi masikio yanawaka, lakini mtu wa elimu hashindwi na jiwe moja. Alifikiri haraka, na hapo ndipo alipokosea kama mtu aliyezaliwa mlimani, ambaye kwake ardhi ni ile anayoikanyaga, hata ikiwa imesimama. Kosa ni hili, alijiambia: nimepima kutoka upeo, wakati nchi yenyewe imelala huku. Ipimwe kutoka ardhini! Akakigeuza kipimapembe, akakilaza na mteremko, akahesabu arobaini na tano kutoka hapo. Ufito ulishuka mpaka ukakaribia kulala. Akarusha.

Jiwe la pili halikupanda ila kidogo tu. Lilipita juu ya mahindi likivuma, watu wakaanza kushangilia, nalo likajigonga kwenye kisiki kilekile cha mgomba.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika ng'ambo. Sefania aliinama akishika magoti. Jiwe moja limekwenda mbinguni, jingine limekwenda karibu na ardhi, na yote mawili yamekutana mlango mmoja! Mwalimu alisimama na kombeo lake mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka chuoni aliogopa. Hakuogopa kuchekwa tu. Aliona kile kipande cheusi kule chini, kabichi zimejifunga vizuri, akaona na bega la shangazi yake, akaelewa kwamba amebakiwa na jiwe moja.

Rahabu alisogea karibu. "La kwanza juu mno, la pili chini mno," alisema polepole. "Pita katikati yao, mwanangu. Mimi napita hapo siku zote."

Nikodemo aliinua ufito mpaka katikati ya pale ulipokuwa mara ya kwanza na mara ya pili. Na mkono ukiwa bado kwenye ufito, kichwa kikamfunguka. Katikati! Katikati ya mteremko na wima! Kwenye uwanja wa mpira, katikati ya ardhi na wima ndiyo hiyo arobaini na tano, wala haina utukufu mwingine. Huku kilima kinalipa jiwe muda wa ziada wa kuanguka, basi halina haja ya kuutafuta kwa kupanda. Furaha aliyoipata nusura imsahaulishe kurusha.

Alirusha. Jiwe lilikwenda kwa upinde mzuri, likapita kisiki, likapita ua, likatua hatua kumi ndani ya maharage ya Sefania.

"Limevuka," alisema Mzee Tobia. "Shamba ni la Rahabu lote. Twendeni tukanywe chai."

Wanawake walipiga vigelegele. Rahabu alikaa chini kwenye majani, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Jambo lilikuwa limekwisha, na lingekwisha hapo kama Sefania asingetamka neno moja.

"Bahati," alisema. "Mwalimu amebahatisha."

Kama angemwita mwizi, Nikodemo angevumilia.

Wakati huohuo, Bwana Shamba wa wilaya alikuwa anapita njia ya juu na karani wake Bakari, wakikagua matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo kila mwenye shamba alilazimishwa kuchimba. Alikuwa mzungu kijana, shingo nyekundu kwa jua, na alipoona umati alisimama. Bakari alikuwa mtu wa Magoma, mpole, anayependa viazi vya Rahabu vilivyochemshwa. Amri ya wilaya ilisema shamba lenye mteremko unaozidi digrii ishirini na tano lisilimwe tena, lipandwe miti. Mwaka uliotangulia Bakari alitumwa kupima kilima kizima. Alisimama njiani, akafumba jicho moja, akaandika ishirini na nne kwa kila shamba, na watu wote wakaendelea kula.

"Kuna nini hapa?" Bwana Shamba aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Mchezo tu, bwana," alisema Bakari. "Watu wanarusha mawe."

"Si mchezo!" alisema Nikodemo, akaingilia kwa Kiingereza, tena kile kizuri, cha chuoni. Akaeleza safari mbili za jiwe. Akaeleza digrii arobaini na tano na kwa nini hazifai mlimani. Mzungu alinyanyua nyusi, akasogea, akasema kwamba alipokuwa shuleni kwao somo hilo lilimshinda. Nikodemo alizidi kuchangamka. Alilaza ufito mrefu juu ya ardhi, akaweka kipimapembe, akaning'iniza timazi.

Bakari alikohoa. Bakari alipangusa uso kwa leso. Bakari alisema kwa Kiswahili, akitazama mawinguni, kwamba jua limekuwa kali na mwalimu atachoka bure.

"Sichoki, Bwana Bakari. Tazameni wote, maana mzee huyu anasema nimebahatisha." Uzi wa timazi ulitulia. "Thelathini na moja!" Akalirudia kwa Kiingereza, asije mtu akalikosa. "Digrii thelathini na moja kamili!"

Bwana Shamba aliinama akasoma mwenyewe. Alimpa Nikodemo mkono, na hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumwona mzungu yule akimpa mtu mkono. Akamuuliza jina lake linaandikwaje. Kisha akatoa daftari mfukoni, akamwomba Bakari lile la mwaka jana, akalifungua, akazifuata kwa kidole zile ishirini na nne zote.

Iliamuliwa palepale. Mama huyu avune yaliyomo, mbegu nyingine asitie. Mvua ijayo italetwa miche ya miti ya miwati. Sefania alianza kucheka, akacheka vizuri kabisa, mpaka Bwana Shamba aliponyoosha kidole kule chini ya ua na kuuliza maharage yale ni ya nani.

Watu walitawanyika bila kunywa chai. Bakari alimfuata bwana wake akiwa amebeba madaftari yote mawili kifuani, wala hakugeuka nyuma. Nikodemo alibaki amesimama, kipimapembe kikiwa kwenye ardhi, mkono bado una joto la mkono wa mzungu. Moyo ulikuwa umempasuka, na bado sehemu yake ndogo, aibu tupu, ilikuwa ikifurahi kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Rahabu hakumgombeza mbele za watu. Alingoja mpaka wa mwisho akate kona, ndipo akanyanyuka kwa mkono wake mzima.

"Jiwe lilikuwa limeshavuka, mwanangu," alisema. "Mzee Tobia alishatamka. Hizo namba ulikuwa unamwambia nani?"

Nikodemo alilijua jibu, na shangazi yake alikuwa anamtazama kama mtu anayelijua pia.