Zahanati Iliyomsubiri Bertilla

Bertilla alikuwa amepanda cheo mpaka amechoka kupanda. Zamani alikuwa mkunga wa hospitali ya misheni, sista aliyejulikana Ufipa nzima, kuanzia kwao Msanzi mpaka huko chini ziwani. Sasa alikuwa mkubwa wa huduma za mama na mtoto mkoani, mwenye meza, simu na Landrova. Mwezi uliofuata angehamia wizarani, Dar es Salaam, na majirani zake wa mtaa wa Chanji walishaanza kumuuliza makochi atamwachia nani.

Alipaswa kufurahi. Badala yake aliamka kila asubuhi na moyo mzito, akakaa kitandani akiitazama mikono yake, kisha akaenda mkutanoni. Mikutano haikuisha. Hamis, dereva wake, mtoto wa wenye malori pale mjini, alipenda kumtania kwamba siasa ni kilimo lakini afya ni vikao. Bertilla alicheka, na roho ikamuuma papo hapo.

Siku hiyo walikuwa wakienda kufungua zahanati ya kijiji kipya, ng'ambo ya Mwazye. Watu walihamishiwa huko wakati wa Operesheni Vijiji, wakafyatua matofali wenyewe na kujenga kwa kujitolea, serikali ikaleta vitanda, dawa na muuguzi. Bertilla alikuwa ameahirisha ufunguzi huo zaidi ya mara moja kwa sababu ya vikao. Leo, kwa bahati, hakikuwapo hata kimoja, na mpiga picha wa mkoa alikuwa kiti cha nyuma akikoroma na kamera yake mapajani.

Walipokelewa kwa ngoma. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Zenon, alivaa kaunda suti iliyolala sandukuni siku nyingi, mikunjo yake bado inaonekana. Bertilla alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia na kumkalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Mbele yao ilisimama zahanati, imepakwa chokaa, mlangoni kufuli na utepe mwekundu. Hotuba zikaanza. Ilisomwa ya katibu, ikasomwa ya balozi wa nyumba kumi, ikaimba kwaya, kisha ikaja hotuba ya kuishukuru kwaya, na kwaya ikaitikia shukrani kwa wimbo mwingine.

Katikati ya wimbo huo Bertilla akasikia sauti aliyoifahamu. Haikuwa kilio, ulikuwa ule mguno wa kuuma meno wa mwanamke ambaye uchungu umeshamkolea. Aligeuza shingo. Upenuni mwa zahanati mwanamke alikuwa ameinama, kaegemea ukuta kwa mikono miwili, na mwenzake akimsugua kiuno.

"Mzee Zenon, yule mama ana nini?"

"Ana uchungu, mama. Usiwe na wasiwasi, tumemwambia avumilie kidogo."

"Avumilie nini?"

Mzee aliuonyesha utepe kwa kidevu. "Mlango haujafunguliwa. Zimebaki hotuba mbili tu, halafu na wewe."

Bertilla alidhani hakusikia vizuri. Aliuliza tena, taratibu, wanawake wa kijiji hiki wanazalia wapi tangu jengo liishe.

"Hapo hapo upenuni," alisema Zenon. "Kristiana, muuguzi wetu, anakuja kuwahudumia. Lakini vya ndani hatujagusa hata kimoja. Godoro bado lina nailoni yake." Aliyasema kwa fahari, kama mtu mwaminifu aliyekabidhiwa amana akaitunza. "Ni mmoja tu aliyetuharibikia, Fransiska, mke wa Alois. Alitoka damu nyingi. Mvua ilikuwa kubwa siku ile, na hapo nje panavuja."

"Na hamkufungua?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, si wewe mwenyewe uliyepiga simu tarafani? Ulisema tusiguse kitu mpaka uje."

Ni kweli alisema. Alikuwa anawahi kikao, simu kaibana begani, huku akikusanya mafaili. Alitaka picha itoke nzuri, vitanda vipya na mashuka meupe. Alisema, akakata simu, akasahau. Sasa masikio yakamziba, midomo ya wanakwaya ikawa inacheza tu bila sauti. Alishika meza, chupa ya soda ikaanguka na kumwagikia mapajani, na hakuhisi ubaridi wake. Mtu amekufa kwa ajili ya picha. Aliirudia sentensi hiyo kichwani na bado haikuingia.

Mguno ukasikika tena, na huo ndio uliomwinua. Alimnyang'anya Zenon ufunguo, akaupita utepe kwa kifua ukakatika, huku mzee akimfuata na sinia na kunong'ona kwamba mkasi upo, mama, mkasi huu hapa.

Walipomlaza yule mama kitandani, mtoto alikuwa anatanguliza makalio. Bertilla alipogundua hivyo akarudi nyuma hatua moja, maana tangu apewe meza hakuwa amezalisha mtu. Aliogopa, tena waziwazi, hata Kristiana akamwona. Alijua akikosea hapa atakuwa ameua wa pili. Akavuta pumzi, akamwambia mzazi asisukume bado, akasubiri, na mikono ikaanza kwenda yenyewe, mguu mmoja, wa pili, bega, bega, kisha kichwa polepole. Alikuwa mvulana, wa buluu, kimya. Kristiana alianza Salamu Maria na hakuwa ameimaliza mtoto alipolia. Huko nje, wapiga ngoma, kwa kukosa utaratibu mwingine, wakapiga ngoma.

Alipotoka, aproni ya kuazima ina damu, mwanamume mwembamba alikuwa akimsubiri mlangoni na jogoo mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Alois. Nimekuletea hiki kidogo, kwa kuja kwako."

Bertilla alimpokea jogoo kwa mikono miwili, maana kukataa kungekuwa tusi. "Alois, aliyekataza pasifunguliwe ni mimi."

"Najua, mama. Tuliambiwa."

"Unajua, na bado unanipa kuku?"

Alois aliinamisha uso. "Siku ile Kristiana alitaka kuvunja kufuli. Aliyemkataza ni Fransiska mwenyewe. Wewe ndiye uliyemzalisha mtoto wetu wa kwanza, kule misheni. Akasema, Sista Bertilla akisema nisubirini, basi yuko njiani. Mpaka anakata roho alikuwa anaangalia barabara."

Bertilla alisimama na jogoo wake, akilia mbele ya kijiji kizima bila kujifuta. Kisha akamwita Hamis, akamwambia ashushe begi lake garini, na akifika mjini amwambie mganga mkuu ile nafasi ya Dar ampe mwingine. Hamis alianza kuuliza atakaa mpaka lini, lakini Bertilla alikuwa amesharudi ndani, kwa kuwa mzazi alikuwa bado hajaoshwa.