Salamu Zilizokwama Hewani

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kibandani kwangu, pale ninapoingizia watu nyimbo kwenye simu, nahamishia kanda ya mama kwenye kompyuta. Kanda yenyewe ni ya kipindi cha salamu. Marehemu baba alikwenda studio kusoma kadi yake, mama akamrekodi kwa redio ya nyumbani. Baba alifariki kabla sijazaliwa. Kanda haijachezwa tangu azikwe, kwa hiyo sauti yake siijui, na utepe umechoka. Ukikatika, basi tena.

Nabonyeza. Redio inaanza kutafuna.

"We redio, usiile hiyo!"

"Sijatia kitu tumboni tangu watu wahamie kwenye simu," inanijibu, mdomo umejaa.

"Iteme. Huyo ni baba yangu."

"Si ungesema mapema."

Inatema. Utepe unamwagika mezani, unatoka mlangoni, unaelekea barabarani. Naufuata kwa mwendo wa kuinama, kanda mkononi, nisije nikaukanyaga.

Nainua kichwa, niko studio. Hakuna anayeniuliza nimeingiaje. Mtangazaji ni maikrofoni, amevaa koti, anasimamia mguu mmoja. Kwenye mabenchi zimekaa salamu, zinasubiri kama wagonjwa zahanati. Shikamoo moja mzee, mkongojo mkononi, imesinzia begani kwa Hujambo.

"Namtafuta Hamduni wa Kibakwe," nasema.

"Yuko hewani," anasema mtangazaji.

"Mpaka leo?"

"Utaratibu ni kwamba mtu hatoki hewani mpaka salamu ziwafikie wote aliowataja. Mama yake aliitikia. Mkewe aliitikia. Kuna mmoja kanyamaza."

"Nani huyo?"

"Kadi inasema: na huyo aliye tumboni."

"Ndiye mimi."

Ananitazama toka juu mpaka chini. "Umekua. Mbona hukuitikia?"

"Nilikuwa tumboni."

"Wote husema hivyo. Haya, mrudishe mwanzo umsikie. Kwa kidole, sio kwa kalamu. Baba wa mtu hazungushwi kwa kalamu."

Naingiza kidole cha mwisho kwenye tundu la kanda. Nazungusha polepole. Mimi sina papara, ndiyo maana watu huniletea vitu vyao vibovu. Utepe unarudi kutoka barabarani ukiwa na vumbi. Naufuta kwa kanga, nazungusha. Mahali fulani umebaki mwembamba kama uzi wa buibui. Nashusha pumzi, nazungusha. Haukatiki.

Kisha baba anaongea.

Nilidhani itakuwa sauti nzito. Kumbe nyembamba, halafu ana mafua.

"Namsalimu mama yangu Binti Chuma, mke wangu Mwanaidi akiwa jikoni, na huyo aliye tumboni. Ujumbe wangu unasema: kuleni, msinisubiri, mimi nitachelewa."

Anapenga kamasi. Studio nzima inanigeukia, hata ile Shikamoo imeamka.

"Zimefika, baba," nasema.

"Haya," anasema, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ahsante, mwanangu. Nilikuwa nangoja wewe tu."

Nikaamka. Kumeshapambazuka, mama kasimama mlangoni na sufuria ya uji.

"We Tausi, zimefika nini? Unaongea na nani?"

"Mama, siku ile baba anakwenda studio, alikuwa anaumwa mafua?"

Mama akaitua sufuria sakafuni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Nilimkamulia limau mimi mwenyewe, akanywa amesimama," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu. Nani kakwambia?"